Kakao na saratani: mama mkubwa asiache kemo

Dada, pole sana kwa kuuguza. Umeuliza kama mama mkubwa aache kemo, yaani dawa za hospitali za kuua saratani, awe anakunywa unga wa kakao, kwa kuwa umesoma kwamba unaua seli za saratani. Nakuomba sana, asiache.

Ulichosoma kina chanzo chake. Pasua mbegu mbichi ya kakao, hata hizi za Kyela, ndani utaona rangi ya zambarau na ukiitafuna ni chungu, inakausha ulimi. Humo mna flavanoli, kemikali za asili za kakao, na maabara zimeonyesha zinapunguza kasi ya seli za saratani. Lakini hapo seli zimemwagiwa flavanoli moja kwa moja. Ukinywa, tumbo na ini huzibadilisha flavanoli hizo, na kinachofika kwenye damu ni kidogo mno. Tena kuvundika na kukaanga kumeshapunguza nyingi kabla unga haujafika dukani.

Marekani walifanya utafiti mkubwa, COSMOS, kwa wazee zaidi ya 21,000. Waliomeza vidonge vya kakao vyenye miligramu 500 za flavanoli kila siku kwa zaidi ya miaka 3 walipata saratani karibu sawa na waliopewa vidonge visivyo na dawa. Na hapo walikuwa wanapima kama kakao inazuia mtu kupata saratani, siyo kama inaitibu.

Mimea hutoa dawa kweli: vinkristini, mojawapo ya dawa za kemo, asili yake ni mmea wa maua wa Madagaska, ila huchujwa na kupimwa kwa miligramu.

Kikombe cha kakao anywe kama anakipenda, ila mwambieni daktari wake. Kliniki ijayo ni lini?