Maswali ya wasomaji: Kukatwa ushuru wa nyumba si kuanza kununua nyumba

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu mpango wa serikali ya Kenya wa nyumba za bei nafuu. Tumechagua sita. Majibu yanafuata Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024, iliyotiwa saini tarehe 19 Machi mwaka huo.

Mimi ni mlinzi Industrial Area, mshahara wangu ni shilingi 24,000. Kila mwezi nakatwa 360 za nyumba. Je, pesa hizo zinawekwa kwa jina langu? Na nikiacha kazi, nitarudishiwa?

Hapana kwa yote mawili. Hizo 360 ni ushuru kama ushuru mwingine, asilimia 1.5 ya mshahara wako wa jumla, na mwajiri wako anaongeza 360 nyingine kutoka mfukoni mwake. Zinaingia katika hazina ya kujenga nyumba. Hakuna akaunti yenye jina lako inayojaa polepole.

Wengi wanaamini watarudishiwa, na tunajua imani hiyo ilianzia wapi. Mpango wa kwanza, ule wa Sheria ya Fedha ya 2018, ulikuwa wa akiba. Makato yako na ya mwajiri kwa pamoja yasingepita shilingi 5,000 kwa mwezi, na asiyepata nyumba angekuja kurudishiwa. Mpango huo ulikwama mahakamani kabla ya makato kuanza. Makato yaliyoanza 2023 ni ya aina nyingine kabisa: hayana kikomo na hayarudishwi. Mahakama Kuu iliyakataa Novemba 2023, yakasimama Januari 2024, kisha sheria mpya ikayarudisha, na Oktoba 2024 majaji watatu wa Mahakama Kuu wakaiunga mkono sheria hiyo.

Ukitaka nyumba, njia yake ni nyingine. Unajisajili Boma Yangu, tovuti ya serikali ya kuomba nyumba hizi, kupitia eCitizen (mtandao wa huduma za serikali) ukitumia kitambulisho na PIN ya KRA, yaani namba yako ya mlipakodi, unajaza kipato chako, unaweka akiba ya malipo ya kwanza humo, kisha unaomba nyumba katika mradi unaoutaka. Akiba hiyo ndiyo pesa yako. Kabla hujaanza, hakikisha majina yako yameandikwa sawasawa kwenye kitambulisho, PIN na laini ya simu, kwani herufi moja ikitofautiana taarifa zako hazitalingana. Kama huna simu ya intaneti, nenda Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali. Usimwachie kijana wa saiba, yaani duka la intaneti, nywila yako.

Naandaa mishahara katika shule ya kibinafsi. Mwalimu ana mshahara wa msingi 30,000, marupurupu ya nyumba 8,000 na nauli 4,000. Desemba tulimpa bonasi ya 10,000. Nakata asilimia 1.5 ya kiasi gani?

Ya 42,000. Mshahara wa msingi na marupurupu yote ya pesa taslimu yanayolipwa kila mara huingia kwenye hesabu. Bonasi, malipo ya likizo, kiinua mgongo na malipo ya kuachishwa kazi hayaingii, wala yale yasiyo ya pesa taslimu. Kwa hiyo mwalimu anakatwa 630, shule inaongeza 630, mnawasilisha 1,260.

Kosa la kawaida ni kukata kwenye mshahara wa msingi peke yake. Kwa mwalimu huyu mngekata 450, na pande zote mbili zikijumlishwa mngepungukiwa na 360 kila mwezi. Faini ni asilimia 3 ya kiasi kisicholipwa kwa kila mwezi unaopita, na anayedaiwa ni mwajiri. Pesa zifike kabla ya kuisha siku ya tisa ya kazi baada ya mwezi kuisha. Katika iTax, mfumo wa kulipa kodi mtandaoni, malipo haya yako chini ya "Agency Revenue", kisha "Housing Levy".

Kagua pia jedwali lenu la kompyuta. Hadi mwishoni mwa 2024 mfanyakazi alikuwa na nafuu ya kodi ya asilimia 15 ya makato haya. Tangu tarehe 27 Desemba 2024 nafuu hiyo imefutwa, na badala yake makato yenyewe yanaondolewa kwenye mshahara kabla ya kukokotoa PAYE (kodi ya mshahara), sawa na yale ya SHIF (bima ya afya). Jedwali la zamani ambalo bado lina safu ya nafuu litawapa PAYE yenye makosa kwa kila mwalimu, mwezi baada ya mwezi.

Nauza mboga Kayole. Nikitoa gharama, nabaki na kama 18,000 kwa mwezi. Nimesikia kuna chumba cha 640,000 Mukuru. Nitakiweza kweli, au ni ya wenye mishahara?

Mama, tuhesabu pamoja, maana bei ya nyumba si jibu la swali lako. Jibu liko kwenye malipo ya kwanza na kwenye kile utakachotoa kila mwezi.

Sheria inawagawa watu kwa kipato. Wa chini ya 20,000 kwa mwezi wamewekewa nyumba za kijamii, wa 20,000 hadi 149,000 nyumba za bei nafuu, na wa zaidi ya hapo nyumba za tabaka la kati. Kadiri unavyopanda ndivyo gharama ya mkopo inavyopanda: asilimia 3, 6 na 9 kwa mwaka, kwa salio linalopungua. Wewe uko kundi la kwanza. Chumba cha 640,000 ni cha mita za mraba 20, yaani kama mita 4 kwa 5, jikoni na choo vikiwa humohumo.

Malipo ya kwanza ya asilimia 10 ni 64,000. Linabaki salio la 576,000. Kwa asilimia 3 katika miaka 30, unalipa takriban 2,430 kwa mwezi. Ungekuwa kundi la asilimia 6, chumba hichohicho kingekuwa takriban 3,450. Ukijikaza umalize kwa miaka 15 kwa ile asilimia 3, ni takriban 3,980 kwa mwezi, na mwisho wa yote utakuwa umetoa pungufu ya yule wa miaka 30 kwa karibu 158,000. Juu ya hapo kuna ada ya huduma ya jengo, maji na stima. Omba karatasi inayoonyesha kila kimoja peke yake kabla ya kukubali.

Kwa hiyo kulipa kwa mwezi unaweza. Mlango mgumu ni ile 64,000. Kuipata kwa miaka miwili ni kuweka karibu 2,700 kila mwezi huku ukiendelea kulipa kodi unakoishi. Tunasema wazi: hapa ndipo mpango huu unapowaacha nje watu uliotungiwa. Mwenye mshahara hukopa malipo ya kwanza kwenye sako yake, yaani chama cha akiba na mikopo, lakini anayeuza sukuma wiki hana mdhamini wa namna hiyo. Serikali ikitaka nyumba za kijamii zikaliwe na watu wa kipato cha chini, ilegeze sharti hili kwanza, hata ikibidi malipo hayo yaunganishwe kwenye malipo ya kila mwezi.

Wakati huo, jenga ushahidi wa kipato chako. Pokea malipo kwa namba ya till (namba ya biashara ya M-Pesa) hata ya shilingi 50, ili baada ya miezi sita uwe na taarifa ya M-Pesa inayoonyesha mauzo. Weka daftari la ununuzi sokoni, na chama chenu cha akiba kiwe na kumbukumbu zenye sahihi. Andika kipato cha kweli. Ukiandika 12,000 ukidhani utahurumiwa, utaonekana huwezi kulipa, na ukiandika 25,000 utahamia kundi la asilimia 6.

Kuna mtu anauza nyumba aliyogawiwa. Anataka 150,000 taslimu nimalizie malipo ya kila mwezi, na wakili wake ameshaandaa mkataba. Ni salama?

Si salama. Sheria inamkataza aliyegawiwa nyumba kuiuza, au hata kukubaliana kuiuza, bila idhini ya maandishi ya Bodi ya Nyumba za Bei Nafuu. Mkataba wa wakili hauwezi kuchukua nafasi ya idhini hiyo. Utalipa miezi na miaka kwa jina la mtu mwingine, na siku mkikosana hutakuwa na cha kumwonyesha hakimu. Omba uone barua ya Bodi. Kama haipo, ondoka.

Niko Doha kwa kazi. Naweza kuomba nikiwa huku? Ndugu yangu amejitolea kunishikia pesa.

Unaweza kujisajili mtandaoni kwa kitambulisho na PIN yako, hata kama hukatwi ushuru huo. Pesa ziingie moja kwa moja kwenye akaunti yako ya Boma Yangu, zisipitie simu ya ndugu. Kama kutakuwa na karatasi za kusainiwa Kenya, mpe mtu uwakilishi wa maandishi uliosajiliwa (power of attorney), unaotaja nyumba hiyo tu na kazi hiyo tu. Uwakilishi wa jumla unampa mkono hadi kwenye shamba lako la nyumbani.

Mimi ni mpangaji Kibera, namlipa mwenye nyumba ya mabati kila mwezi. Tumeambiwa kwa mdomo kwamba tutahama ili ghorofa zijengwe. Mpangaji ana haki gani?

Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya makazi yanayofaa, na hakibagui mwenye mabati na mpangaji. Sheria ya Ardhi, kama ilivyorekebishwa 2016, inaeleza utaratibu. Kwenye ardhi ya umma, notisi iwe ya maandishi, itangazwe katika Gazeti Rasmi la Serikali, katika gazeti moja linalosambazwa nchi nzima na redioni kwa lugha ya eneo hilo, angalau miezi mitatu kabla. Tangazo la mdomo la chifu kwenye baraza halitoshi.

Siku yenyewe, maafisa wajitambulishe na waonyeshe kibali. Miongozo ya Umoja wa Mataifa inasema pia uhamisho usifanywe usiku, wakati wa hali mbaya ya hewa, siku ya sikukuu, wala kabla tu au wakati wa mitihani ya shule. Wakazi wapewe nafasi ya kwanza ya kubomoa na kuondoa vitu vyao wenyewe. Ndani ya muda wa notisi mnaweza kwenda mahakamani kuomba kusimamishwa, na kikundi cha wapangaji kina nguvu kuliko mtu mmoja.

La haraka zaidi ni kuhesabiwa. Orodha ya wakazi ndiyo huamua nani anarudi, na mpangaji anayeshinda kazini mchana kutwa husahaulika. Uwepo siku ya kuhesabu au umwache mtu mzima wa nyumba yako. Piga picha namba iliyochorwa mlangoni, weka nakala ya fomu, tunza jumbe za M-Pesa za kodi pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto au barua ya shule yenye jina la mtaa. Ukiwa huna risiti, anza leo kulipa kodi kwa simu.

Kisha ulizeni kwa maandishi mtapelekwa wapi na kwa muda gani. Wakazi wa Soweto Mashariki, humohumo Kibera, walihamishiwa Lang'ata mwaka 2009, na nyumba 822 walizokuwa wakisubiri zikakabidhiwa 2016. Miaka saba ni muda wa mtoto kuanza na kumaliza shule ya msingi, kwa hiyo barua yenu itaje pia shule, zahanati na nauli ya kwenda kazini kutoka huko mtakakopelekwa, na mbaki na nakala iliyopigwa muhuri wa ofisi iliyoipokea.