Je, inafaa kununua fimbo ya Kijapani yenye upanga ndani?

SWALI: Asalam aleykum sheikh. Mi niko Leicester hapa Uingereza, nafanya mazoezi ya iaido, ule mchezo wa Kijapani wa kuchomoa na kutumia upanga. Nimeona mtandaoni wanauza shikomizue, ile fimbo ya Kijapani ukiivuta unatoka upanga, sio ya kale, ni ya kuigiza lakini chuma cha kweli na kina makali. Muuzaji yuko nje, anasema kwenye boksi ataandika fimbo ya kutembelea ili kastamu wasisumbue, na advansi nishampa. Nataka niitundike ukutani, ila pia natoka shifti usiku wa manane na njiani kuna wahuni, je naweza kutembea nayo?

JIBU: Waaleykum salam warahmatullah. Akhi, upanga kama upanga hauna neno. Asili ya vitu ni halali mpaka ije dalili ya kukataza, na Mtume (s.a.w) alikuwa na panga na masahaba walikuwa nazo, Oman mpaka leo kwenye harusi watu wanavaa majambia na wanacheza na panga mbele ya wageni. Kwa hiyo anayekwambia ni haramu kwa vile tu imetoka kwa Wajapani huyo hana hoja. Mazoezi nayo sawa, ila ile desturi ya kuuinamia upanga kabla ya kuanza, hiyo usiifanye, mwambie mwalimu wako kwa adabu kwamba dini yako hairuhusu, wengi wanaelewa.

Tatizo ni upanga huu wenyewe. Mwaka 1876 serikali ya Meiji kule Japani ilikataza watu kutembea na panga hadharani, wakabakishwa wanajeshi na polisi na wachache wengine, na hapo ndo hizi za ndani ya fimbo zikapata wateja sana maana mtu anaonekana kashika gongo tu. Yaani kazi yake ni jirani yako asijue kama una silaha. Sasa pima na alivyotufundisha Mtume (s.a.w): anayepita na mishale msikitini au sokoni ashike vichwa vyake kwa mkono asije akamjeruhi Muislamu, iko Bukhari na Muslim, na kwa Abu Daud na Tirmidhi amekataza kupeana upanga uliochomolewa. Yote hayo ni watu wawe na amani na silaha yako, na wewe unaificha kabisa!

Halafu kuna sheria ya hapo unapoishi. Uingereza fimbo zenye upanga zimekatazwa tangu 1988 kutengeneza, kuuza na kuingiza nchini, na tangu 2021 hata kuwa nayo ndani kwako ni kosa. Za kale zilizozidi miaka 100 zimeachwa nje ya katazo hilo, yako ni ya kuigiza kwa hiyo haimo, hata huo ukuta umefungwa. Najua kuna vijana watakwambia sheria za makafiri hazituhusu. Zinakuhusu bana, umeingia nchi ya watu kwa viza na masharti ukayakubali, Allah anasema timizeni ahadi (Maida aya ya 1), na Mtume kasema Waislamu wako kwenye masharti yao. Ungeamrishwa maasi tungesema mengine, lakini hapa umekatazwa kitu ambacho hata usipokinunua hupungukiwi na dini wala dunia.

Na hilo boksi ndo baya zaidi kuliko upanga wenyewe! Kuandika fimbo ya kutembelea ni uongo na ni ghishi, na wewe ukishajua ukanyamaza ukalipa mko pamoja. Hata ingekuwa boksi la tende.

Kuhusu usiku, kujitetea ni haki yako, anayeuawa akilinda mali yake ni shahidi, hadithi sahihi kabisa. Lakini haki ya kujitetea haihalalishi kila kifaa. Ukikamatwa nayo barabarani unaenda mahakamani na familia inakutegemea, na Tirmidhi kapokea kwamba haimfai muumini kujidhalilisha kwa kujitia kwenye balaa asiyoiweza. Tena hizo fimbo nyingi hazina kile kikingio kati ya mpini na makali, mkono ukiteleza unajikata wewe kabla ya mhuni. Muombe bosi akubadilishie shifti, au toka na wenzako, pitia njia yenye taa na watu, na usisahau adhkari za jioni.

Mazoezi tumia bokken, ule wa mbao, unatosha. Advansi yako mwandikie muuzaji leo hii avunje oda na akurudishie, akigoma iache iende, usije ukasema bora niichukue nimuuzie jamaa, hapo dhambi itakuwa imehama tu kutoka kwako kwenda kwa mwenzio na wewe ndo uliyeisafirisha. Na kama imeshatumwa na ikafika mlangoni, piga simu polisi kabla hujaigusa waeleze, wakwambie waichukue vipi, usiitoe nje mwenyewe.

Wallahu aalam.