Nyumba iwapumzishe kwanza wanaolala humo

Sebule nyingi za Lubumbashi zimepangwa kwa ajili ya mtu ambaye hayupo. Utakuta fotei nene, yaani makochi, zinazogusana magoti, kabati la vioo lenye sahani ambazo watoto hawaruhusiwi kuzigusa, vitambaa vya kufuma kwenye kila mgongo wa kiti, na televisheni imekaa mbele kama altare. Yote hayo yanamngoja mgeni. Wenye nyumba wanakula jikoni au uani kwenye vigoda, na wakitaka kufika chumbani wanapita kwa ubavu.

Mimi ni mpangaji hapa Katuba, mtaa wa Lubumbashi: vyumba viwili na sebule, mume, watoto, na mdogo wangu anayesoma chuo. Nyumba hii naipenda sasa, na ninayoandika ni yale niliyoyajaribu humu ndani. Jambo ninalolishikilia ni moja: panga nyumba kwa ajili ya wale watakaolala humo leo usiku. Mgeni akija, atapata nafasi katika raha yenu.

Nilianza kwa kutoa, sikununua kitu. Niliuza fotei mbili na meza ya kioo, kabati la sahani nikalisogeza kwenye korido. Sakafu ikaonekana. Nikatandika mkeka mkubwa, nikashona foronya za mito kutokana na vipande vya vitenge vilivyobaki, na tangu siku hiyo watoto wanafanya kazi zao za shule pale pale chini.

Shangazi yangu alipokuja kututembelea alisimama mlangoni, akatazama, kisha akaniita pembeni kwa sauti ya chini.

"Mwanangu, kazini kwa bwana kuna shida?"

"Hapana, shangazi. Tumetoa tu ili tupate pa kukaa."

"Viti mmetoa, ili mpate pa kukaa."

Sikuwa na jibu zuri kwa hilo. Lakini baada ya chakula alivua viatu, akaegemea mto, akalala usingizi wa mchana hapo hapo. Kwake, nakumbuka, hata kuegemea kiti ilikuwa haiwezekani bila kuvuruga vile vitambaa.

Sasa baridi. Watu wa mbali wanadhani Kongo nzima ni joto. Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kipindi cha baridi cha kiangazi chetu, kuanzia Mei hadi Agosti, ni cha upepo mkavu. Usiku wa Juni na Julai joto hushuka hata chini ya nyuzi 10. Sakafu ya saruji inakuwa barafu. Mkeka mmoja hautoshi. Weka makatoni makavu chini yake, au blanketi kuukuu, maana ubaridi unaoumiza miguu unatoka chini. Na kama godoro liko sakafuni, liinue, hata kwa mbao za kawaida za kupakulia mizigo.

Madirisha yetu mengi hayafungi vizuri. Pazia zito linalofika hadi chini linasaidia kuliko watu wanavyofikiri, na si lazima liwe jipya. Kwenye mitumba ya soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, utapata mapazia mazito ya Ulaya ambayo watu hawayagusi kwa sababu yana rangi ya kizee. Yachukue. Chini ya mlango wa nje weka gunia jembamba ulilolijaza mchanga au nguo chakavu. Na kabla ya kulala, chupa ya maji ya moto, iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kitenge, iwekwe miguuni. Watoto wangu wanagombania hiyo chupa.

Nisikilizeni kwenye hili: mbabula, jiko la makaa, isiingie chumbani usiku. Najua inavyovutia, makaa mekundu yasiyotoa moshi, joto zuri, mlango umefungwa. Makaa yanayowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha yanatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Inamlaza mtu kwanza, kisha inamwua, na hatasikia lolote. Kutokuwepo kwa moshi si dalili ya usalama. Ota moto nje au barzani, chemsha maji ya chupa zenu hapo, kisha mbabula ibaki nje, hata kama inaonekana imezima.

Joto la Oktoba, kabla mvua hazijaanza, lina adha yake, na anayeishi chini ya mabati matupu anaijua. Ukiweza kufanya jambo moja la gharama katika nyumba nzima, weka dari. Tripleksi nyembamba, ile mbao ya tabaka, inatosha, mradi uache matundu ya hewa chini ya ukingo wa paa ili joto lililonaswa kati ya bati na dari lipate pa kutokea. Faida ya pili utaiona mvua ikinyesha: mtasikilizana mkiongea. Lakini kwa sisi wapangaji, kabla msumari wa kwanza haujapigwa, muandikishane na mwenye nyumba. Gharama ikatwe kwenye kodi, au irudishwe pamoja na garanti, ile amana ya kupangia, siku ya kuhama. Maneno ya mdomo yanasahaulika haraka sana siku ya kuhama.

Mwanga ni rahisi kurekebisha, na sijui kwa nini hatuzungumzi juu yake. Taa moja nyeupe kali katikati ya dari inafanya sebule iwe duka la dawa. Ukinunua balbu ya LED, soma namba kwenye boksi: 6500K ni mwanga mweupe wenye ubuluu, 2700K au 3000K ni wa manjano, kama balbu za zamani. Bei mara nyingi hazipishani sana. Nyeupe iache jikoni na kwenye meza ya kusomea. Jioni, mwanga mweupe mkali unauchelewesha mwili kuingia usingizini, kwa hiyo sebuleni na chumbani weka ya manjano, tena iwe chini, kwenye stuli au kona, isiwe juu ya vichwa vya watu.

Umeme ukikatika, nao unakatika, taa ya kuchaji igeuzie ukuta badala ya kuielekeza kwenye nyuso. Au simamisha tochi, uiwekee juu bidoni jeupe la maji: mwanga unatawanyika chumba kizima bila kuumiza macho. Mishumaa sishauri mahali penye chandarua na mapazia.

Kuhusu vumbi letu jekundu nitasema kidogo. Viatu viishie barzani. Nyunyiza maji kabla ya kufagia, la sivyo unalihamisha tu kutoka sakafuni hadi kwenye mito. Na mita moja ya chini ya ukuta ipakwe rangi ya mafuta, ile inayofutika kwa kitambaa, hasa kama una watoto.

Kwenye ukuta wenyewe, mji huu una utajiri ambao tumeanza kuuonea aibu. Miaka ya 1970 familia za kawaida za mitaa yetu zilitundika sebuleni michoro ya wachoraji wa mtaani: mamba muntu, yaani nguva, na nyoka wake, kijiji kando ya mto, askari wa enzi ya Wabelgiji na mjeledi wake wa kiboko. Leo tunatundika kalenda ya duka la simu na saa ya ukutani isiyotembea. Tafuta mchoro mmoja, hata wa kijana anayeanza, au kazi moja ya mafundi wanaofua shaba. Kimoja kinatosha. Kitundike chini kidogo kuliko mkono unavyotaka, kwenye usawa wa macho ya mtu aliyekaa, kwa sababu sebuleni watu wanakaa. Shaba ikififia, isugue kwa ndimu na chumvi, isuuze, uikaushe vizuri.

Harufu ya nyumba inatoka jikoni, na kwa siku za samaki mkavu hakuna manukato yatakayoshinda. Fungua madirisha mawili yanayoelekeana. Baadaye chemsha mchaichai na maganda ya machungwa kwenye sufuria isiyofunikwa. Chai kunywa, mvuke uache utembee.

Lililobaki ni kelele, na hapa uwezo wangu una mpaka. Ndani nimepunguza. Mkeka, mito na mapazia vinanyonya sauti ambayo kuta tupu za saruji zilikuwa zinaturudishia, na televisheni tumekubaliana izimwe wakati wa kula. Mume wangu alinuna kwa muda, hasa siku za mechi ya Mazembe, kwa hiyo siku hizo tumeziacha huru. Jenereta ya jirani nilimwomba aigeuze, bomba la moshi na kelele lielekee barabarani, akakubali bila neno, maana hata yeye ilikuwa inamsumbua. Kwa mikesha ya maombi na nganda, baa ya pale kona, sina dawa. Nimehamisha kitanda cha watoto upande wa pili wa nyumba, nikaweka kabati la nguo kwenye ukuta unaotazama barabara. Siku za wiki wanalala. Jumamosi tunakaa barzani hadi usiku, tukiimba nao zile tunazozijua.