Jibu la swali la wiki: Aende Colchester, na aanzie kwenye tende

Mhariri,

Wiki iliyopita mliwauliza wasomaji: mgeni aliyeko Uingereza, mwenye siku moja tu ya mapumziko, atembelee makumbusho gani nje ya London, na kwa nini? Kwa kuwa ninaishi Essex, na ndugu kadhaa kutoka nyumbani wamekuja kunitembelea wakitaka kutembezwa, jibu langu nimelijaribu kwa miguu yangu mwenyewe. Aende Colchester, mwendo wa karibu saa moja kwa treni kutoka stesheni ya Liverpool Street, London.

Sababu yangu ni kwamba katika makumbusho makubwa ya London vitu vingi vimeletwa kutoka mbali, na mgeni husoma kibao ili ajue kitu kilitoka wapi, ilhali Colchester unaweza kukitazama kitu ndani ya kabati la kioo, kisha ukatoka nje na baada ya dakika chache ukawa umesimama juu ya ardhi iliyokihifadhi. Ngome yenyewe, ambayo ndiyo makumbusho makuu ya mji, ni ushahidi wa kwanza. Wanormani, watawala waliotoka Ufaransa, walianza kuijenga katika miaka ya 1070 juu ya msingi wa hekalu la Kaisari Claudius wa Roma, na kwa kuwa waliufuata msingi ule mpana, wakajikuta na jengo kubwa kuliko ngome zote za aina yake zilizosalia Ulaya. Kabla ya kulipa kiingilio, msogelee ukuta na kuutazama vizuri: kati ya mawe mtaona safu za matofali mekundu, mapana na membamba kama vigae. Hayo ni matofali ya Warumi, yaliyookotwa katika magofu na kutumiwa tena.

Ndani kuna mengi, lakini mimi huwapeleka wageni wangu moja kwa moja kwenye tende. Mwaka 60 au 61 baada ya Kristo, Boudica, malkia wa kabila la Iceni, baada ya kuchapwa viboko na Warumi na binti zake kunajisiwa, aliwaongoza watu wake wakauteketeza mji huu, uliokuwa wa Warumi wakati ule, na waliokimbilia hekaluni walihimili siku mbili tu. Chini ya maduka ya leo bado limelala tabaka la udongo mwekundu uliookwa na moto ule, na kila anayechimba msingi katikati ya mji hulikuta. Katika tabaka hilo wachimbaji walipata tende zilizogeuka makaa zikiwa na umbo lake lote, nyeusi, na mikunjo ya ganda ikionekana bado. Tende hazioti Uingereza. Zilisafirishwa kwa meli kutoka nchi za joto kwa ajili ya mlo wa watu wenye fedha. Shangazi yangu, mtu wa Tanga, ambaye tangu asubuhi alikuwa hajaacha kuilalamikia baridi, alinyamaza mbele ya kioo kile muda mrefu kuliko mahali pengine popote, kisha akasema, "Masikini, walikwisha kuzinunua, wasijaaliwe kuzila."

Mwaka 2014, katika uchimbaji uliofanywa chini ya duka moja la barabara kuu, zilipatikana pia hereni, bangili na pete za dhahabu ambazo mwenyewe alizifukia sakafuni kabla moto haujafika. Hakurudi kuzichukua.

Kuna jiwe la kaburi ambalo napenda kulisimulia zaidi kuliko dhahabu hiyo. Ni la Longinus, askari wa farasi mwenye asili ya Thrakia (upande wa Bulgaria ya leo), lenye sanamu yake akiwa juu ya farasi; lilifukuliwa mwaka 1928 sanamu ikiwa haina uso, na kwa miongo mingi wageni walielezwa kwamba wafuasi wa Boudica ndio waliouvunja kwa hasira. Mwaka 1996 watu walichimba tena mahali pale pale, wakaupata uso wenyewe, na ikaonekana kwamba huenda waliouvunja walikuwa wachimbaji wa 1928. Sasa uso umerudishwa mahali pake. Makumbusho yanayokubali kukisahihisha hadharani kisa kitamu namna hiyo yananifanya niyaamini hata katika mengine yanayonieleza.

Ngome ilipata pia kuwa gereza, na mwaka 1683 mtu mmoja aliinunua ili aibomoe auze mawe, akashindwa njiani kwa kuwa kazi haikumlipa. Jirani yake ni nyumba ya Hollytrees ya mwaka 1718, ambayo haina kiingilio. Ina saa zilizotengenezwa na mafundi wa mji huu, na nusu saa inatosha. Mwenye nguvu za miguu ateremke East Hill mpaka karibu na mto, akaione nyumba ya mbao yenye matundu ya risasi za mwaka 1648, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, mji ulipozingirwa majuma kumi na moja na wenyeji wakafikia kula farasi na mbwa. Kila tundu limezungushiwa duara jekundu, kwa hiyo hata mtoto atayahesabu.

Tahadhari moja: makumbusho ya miji midogo hayafuati ratiba ya London, na mengi hutegemea watu wa kujitolea. Nimewahi kusafiri saa mbili hadi mji mwingine nikakuta mlango umefungwa kwa kuwa ilikuwa Jumatatu. Angalieni siku na saa kabla ya kukata tiketi.

Mwisho wa siku tembeeni kando ya ukuta wa Warumi hadi Lango la Balkerne. Ukuta huo ulijengwa baada ya mji kuungua, na sisi tuliokua tukiambiwa kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta hatuhitaji kufafanuliwa zaidi. Karibu na lango hilo limesimama tangi kubwa la maji la matofali, la mwaka 1883, ambalo kasisi wa jirani, kwa kukerwa na ukubwa wake, alilibandika jina la Jumbo, yule tembo wa bustani ya wanyama ya London aliyeuzwa Marekani mwaka mmoja kabla. Asili ya jina la tembo inabishaniwa mpaka leo: wapo wanaolitoa kwenye "jambo" letu, na wengine kwenye "jumbe", ingawa tembo mwenyewe alinaswa upande wa Sudani, mbali na pwani. Shangazi hakungoja maelezo hayo. Nilipomwonyesha tangi na kumwambia, "Shangazi, huyu ndiye Jumbo," alikaza mtandio wake, akalitazama kutoka chini mpaka juu, akaitikia, "Sijambo."