Bluu moja, namba moja, mbona hazifanani?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Tunatengeneza kabati za chuma zenye droo za plastiki. Chuma tunapuliza rangi ya unga, RAL 5010 (namba ya bluu kwenye orodha ya rangi za RAL), na mtu wa plastiki tulimpa namba hiyohiyo. Karakanani, chini ya taa ya tyubu, vinafanana kabisa. Kabati likitoka uani, droo zinavuta zambarau. Nani kakosea?

Jibu: Salama, ndugu. Huenda hakuna aliyekosea. Namba ya RAL inasema rangi ionekane vipi, haisemi ichanganywe na nini. Droo zako kama ni za polipropilini, aina mojawapo ya plastiki, nina shaka na jambo moja. Bluu ya fthalosianini, inayotumika sana kwenye rangi za chuma, huvuruga namna polipropilini inavyoganda, na kipande kipana hutoka kimepinda. Kwa hiyo mtu wa plastiki hukimbilia ultramarini, bluu nyingine, ambayo ina wekundu ndani yake. Tyubu hutoa mawimbi machache ya mwanga na kuficha tofauti hiyo. Jua lina mawimbi yote, linaianika. Fundi cherehani makini analijua hili: uzi na kitambaa huvilinganishia mlangoni.

Halafu kuna mng'ao. Kalibu (umbo la kumiminia plastiki) yenye vinyweleo, yaani uso usio laini, hutoa plastiki inayotawanya mwanga, na bluu huonekana imepauka kando ya chuma laini hata mchanganyiko ukiwa sahihi.

Safari ijayo usimpe namba tupu. Mpe kipande cha chuma mlichokwisha kupuliza na kuoka, naye akuletee vibao vya plastiki vyenye unene na vinyweleo vya droo yenyewe. Vitazame kivulini mchana, kisha chini ya tyubu, kisha chini ya balbu ya njano. Akikuletea vipimo vya mashine, muulize vimepimwa kwa mwanga gani; cha D65, yaani mchana wa kelvini 6500, peke yake hakitoshi. Na mashine nyingine hupima bila kujali mng'ao, zikasema sawa huku jicho linakataa.

Mimi lakini nisingehangaika hivyo. Ningefanya droo za kijivu, basi. Mteja akishikilia bluu, acha mwanya wa milimita 3 kuzunguka droo, kivuli chake kitenganishe nyenzo hizo mbili. Droo mlizonazo msizitupe: zitakaa vizuri kwenye kabati la kijivu.