Hamoki na baridi ya mgongo: Tanga hadi Mtae kwa miguu

Mdogo wangu umeuliza kama begi moja zito la kulalia litakutosha kwenye hamoki, kile kitanda cha kitambaa kinachoning'inizwa kati ya miti miwili, kuanzia mwisho wa masika hadi Agosti, ukitembea Tanga, Muheza, Amani, ushuke Korogwe, kisha upande Lushoto mpaka Mtae. Halitoshi. Mimi nililijua hilo usiku mmoja wa Julai juu ya Lushoto, kando ya msitu wa Magamba.

Begi langu lilikuwa nene, la manyoya ya bata, nilipewa na mgeni niliyembebea mizigo. Kifua kinatoka jasho, mgongo barafu. Saa nane usiku nikapitisha mkono chini ya kiuno: ubavuni begi limeumuka kama andazi, mgongoni limelala kama chapati. Kumbe kinachotunza joto ni hewa iliyonaswa ndani ya manyoya, na ukiyalalia hewa yote inatoka. Kitandani godoro linakusitiri. Kwenye hamoki una kitambaa kimoja, halafu upepo.

Kwa hiyo anza kununua cha kukinga mgongo chini, cha kujifunika juu baadaye.

Mimi natumia mfarishi wa chini. Unaning'inizwa nje ya hamoki, haulaliwi, kwa hiyo unabaki umeumuka. Nilinunua duveti la poliesta la mitumba kwa shilingi 15,000, fundi cherehani wa Ngamiani akalipunguza na kulipinda ncha mbili kama kiuno cha bukta, nikapitisha kamba. Pembeni nikafunga vipande vya tyubu ya baiskeli ili uvutike ninapogeuka. Kazi ni kuufunga. Ukilegea, hewa baridi inapita katikati utadhani hukuweka kitu. Ukikaza sana umerudi kwenye chapati. Lala, mwambie mwenzako apitishe kiganja kati ya hamoki na mfarishi. Kipite, lakini kiguse vitambaa vyote viwili, hasa chini ya mabega na makalio. Shemeji yangu alicheka sana kufanya kipimo hicho, na usiku huo yeye ndiye aliyetetemeka.

Njia nyingine ni sponji ngumu, ile isiyonywa maji. Ni rahisi na nyepesi, ila inateleza: unaamka ipo miguuni na mabega yako nje. Hamoki yenye kitambaa mara mbili inasaidia, unaichomeka katikati. Tena haipitishi hewa, mgongo unalowa. Pamoja na kero hizo, kwa njia yako usiiache, na sababu ni mkonge. Ukishuka Amani na kuvuka bonde la Lwengera kuelekea Korogwe, kuna mahali ni mkonge kushoto na kulia, huoni mti wa kufungia kamba. Siku hiyo unalala chini, na mfarishi wa chini ukiulalia hauna maana. Sponji inafanya kazi popote.

Sasa majira. Usihesabu miezi peke yake, hesabu na mwinuko: kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kama nyuzi 6. Unatoka pwani, unapanda Amani karibu mita 900, unarudi Korogwe kwenye joto, halafu Lushoto kwenye 1,400 hivi, na msitu wa Magamba unapita 2,000. Mwezi Mei pwani kanga moja inatosha, tena utaisukuma pembeni. Adui yako wakati huo ni maji, na Amani mvua haisubiri masika. Manyoya ya bata yakilowa hushikana madonge na joto linakwisha. Poliesta unaikamua, inakutunza hivyo hivyo na unyevu wake. Magamba hata isiponyesha, ukungu peke yake unalowesha. Ndiyo maana nikachagua poliesta pamoja na uzito wake wote, na kila nikifika Korogwe naianika juani mchana kutwa.

Upepo nao usiusahau. Juni hadi Agosti ni kusi, na kusi ikipita chini ya hamoki inakuibia joto lote. Shusha turubai unalotanda juu ya hamoki, upande unaotoka upepo, karibu na ardhi. Msituni Magamba usiingie kulala kienyeji, ni hifadhi, kamata kibali kwanza. Na miti ifungie mikanda mipana. Kamba ya katani nyembamba inakata gome, hata kama sisi wa Tanga tunaionea fahari.

La mwisho, mfarishi wa juu, ule mzito wa kujifunika, usiubebe kutoka Tanga. Utauchukia kabla ya Muheza. Ufunge kwenye kiroba, andika jina na namba yako ya simu kwa maka peni, umpe konda wa basi la Lushoto wiki utakayofika, uupokee stendi. Kiroba kizibe vizuri. Changu kilipakiwa jirani na tenga la dagaa, nikanukia hivyo hadi Mtae.