Ise: hekalu la kale lenye mbao mpya

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mtoto wa Tanga, nasoma Nagoya, Japani. Wenzangu wananihimiza nikaone hekalu la Ise, wanasema ni la kale mno. Kumbe nimesoma majengo yake ni ya mwaka 2013! Sasa ukale uko wapi? Na mimi Mwislamu, nitaruhusiwa kuingia?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wenzako hawakudanganyi. Kila baada ya miaka 20 hekalu hujengwa upya kwa miti ya hinoki na paa la nyasi, kwenye kiwanja cha ubavuni, kisha lile la zamani likabomolewa. Desturi hii ilianza mwaka 690. Ya 2013 ilikuwa ya 62, na nyingine ni 2033. Ukale uko mikononi mwa mafundi: kijana anayejifunza kushika randa safari hii, safari ijayo ndiye anayefundisha. Mimi kile kiwanja kitupu, kokoto tu, kilinigusa kuliko hekalu lenyewe. Kikitazame vizuri.

Na mbao hazitupwi. Nguzo kuu za zamani hugeuzwa kuwa torii, yale malango yanayosimama kwenye ncha mbili za daraja la Uji, la kuingilia hekaluni. Zikimaliza miaka 20 hapo huhamishwa tena, na lango moja huenda Kuwana, mji ambao treni yako ya Kintetsu itaupita. Shuka ukalione, lipo kwenye kivuko cha kale cha barabara ya Tokaido.

Kuingia, hakuna kiingilio wala atakayekuuliza dini yako. Wenyeji huinama mara mbili, hupiga makofi mara mbili, kisha huinama mara moja. Wewe hulazimiki. Simama pembeni kwa adabu, usiwazibie njia. Dhamiri ikikusumbua, muulize sheikh wako kabla ya safari, si mimi.

Anza na Geku, hekalu la nje, ndipo upande basi kwenda Naiku, hekalu la ndani, anakotukuzwa Amaterasu, mungu wa jua. Ndivyo wafanyavyo wenyeji. Malango hufunguliwa saa 11 alfajiri, na asubuhi hiyo ndiyo nzuri, kabla ya mabasi ya watalii. Usitarajie kuona mengi: uzio ni wa safu kadhaa, utaona paa tu na ncha za mbao zilizopishana. Kamera iishie chini ya ngazi za mawe. Huko juu picha ni marufuku.